Dakika saba za mikono: barua ya wazi kwa walimu wakuu, maofisa elimu na wakuu wa makumbusho hai

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu ziara za wanafunzi kwenye makumbusho hai: yale yenye nyumba za zamani zilizohifadhiwa au kusimamishwa upya, ambamo mafundi waliovaa mavazi ya enzi hizo wanafua chuma, wanafuma nguo, wanafinyanga vyungu na kupika kwa zana za enzi hizo. Ziara hizi hupimwa kwa kipimo kibovu. Ofisini huulizwa wamekwenda wanafunzi wangapi, wamepita vituo vingapi, na je, wote wamerudi salama. Swali la tatu halina mjadala. Yale mawili ya kwanza ndiyo yanayoiharibu siku yenyewe, kwa sababu anayetaka kuyajibu vizuri analazimika kuwajaza watoto na kuwakimbiza. Tunawaomba muanze kuuliza jambo jingine: kila mtoto alishika kazi kwa mikono yake kwa dakika ngapi, na je, alimuuliza fundi swali akajibiwa?

Makumbusho ya aina hii yalianzishwa ili watu waone maisha yakiendelea badala ya kutazama vitu kabatini. Artur Hazelius alipofungua Skansen mjini Stockholm mwaka 1891, alikusanya nyumba kutoka sehemu mbalimbali za Uswidi na kuziweka pamoja na mifugo na watu wa kuonyesha kazi. Baadaye yakaja mengine mengi, kila moja kwa namna yake: Old Sturbridge Village huko Massachusetts mwaka 1946, Lejre nchini Denmark mwaka 1964, Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam mwaka 1966, Sovereign Hill nchini Australia mwaka 1970. Kinachoyatofautisha na majengo mengine ya kale ni fundi anayefanya kazi mbele ya mgeni. Mtoto akipitishwa mbio mbele ya fundi huyo, ameona nyumba tu, na nyumba angeweza kuziona pichani bila kupanda basi.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila haifanywi. Chukueni wanafunzi 48. Basi linafika saa tatu na nusu asubuhi na kuondoka saa nane na nusu mchana: saa tano, yaani dakika 300. Kushuka, kuhesabiwa na kwenda msalani ni dakika 30. Msiseme ni nyingi. Penye vyoo vinne, kila mtoto akitumia dakika moja na nusu, watoto 48 wanamaliza kwa dakika 18, na hapo hawajanawa wala hawajajipanga. Makaribisho na maelezo ya usalama ni dakika 15. Chakula cha mchana pamoja na kunawa, dakika 45. Mwishoni, msalani tena, kuhesabiwa tena na kupanda basi, dakika 20. Jumla ni dakika 110. Zinabaki 190, na hizo ndizo ziara yenyewe.

Wagaweni watoto hao makundi manne ya watoto 12 kila moja, yapokezane vituo vinne. Kila kituo kinapata dakika 40, na kati ya kituo na kituo zipo dakika 10 za kutembea. Jumla ni 190 kamili. Ratiba nyingi, hata hivyo, huwa na vituo vinane, na aliyeipanga huwa anaamini amewatendea watoto wema. Matembezi saba ya dakika kumi kumi yanakula dakika 70. Zinazobaki ni 120, maana yake dakika 15 kwa kila kituo. Kati ya hizo 15, tatu ni za kuingia na kutulia, nane ni za maelezo ya fundi, mbili ni za kumtafuta aliyebaki nyuma, mbili ni za kutoka. Hakuna aliyeshika kitu.

Kituo cha dakika 40 kinakwenda tofauti. Fundi anaeleza na kuonyesha kwa dakika 10, kisha zana zinaingia mikononi mwa watoto. Karakana yenye seti tatu za zana inawapokea watoto 12 kwa zamu nne, na kila mtoto anapata dakika saba. Kundi likiwa la watoto 24, dakika hizo zinashuka kuwa tatu na nusu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini muulizeni yeyote anayefundisha kusokota uzi. Mwanzoni uzi hukatika, ukaunganishwa, ukakatika tena. Mtoto anahitaji kurudia mara kadhaa ndipo agundue kwamba anavuta sufu nyingi kabla msokoto haujaifikia. Akinyang'anywa kijiti kabla ya hapo, anaondoka akijua tu kwamba uzi hukatika. Akiachiwa, anaondoka akijua kwa nini, na kuanzia hapo anaanza kufikiri shuka moja ilikula muda kiasi gani wa mtu.

Kazi nyingine haziwezi kufupishwa hata kidogo, na hili tunaomba lisomwe na wote wanaopenda kubana ratiba siku mbili kabla ya safari. Malai yaliyotiwa kwenye kipipa cha kusukia huchukua dakika 15 hadi 30 kugeuka siagi, kutegemea joto lake. Yakiwa na nyuzi 15 hivi za Selsiasi, mambo huenda vizuri. Yakiwa moto mno siagi hutoka laini na haishikani, na yakiwa baridi mno watoto husuka mpaka mikono ikachoka. Kundi linaloondolewa kabla ya hapo limesuka kimiminika cheupe na halikuona siagi. Mishumaa ya kuchovya ni vivyo hivyo. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi. Utambi huchovywa, ukatolewa, ukaachwa upoe, ukachovywa tena, zaidi ya mara ishirini. Haraka ndiyo adui: mtoto asiyesubiri tabaka lipoe, au anayeuacha utambi chunguni kwa kuhesabu mpaka tano, anaona mshumaa wake unakonda badala ya kunenepa, kwa kuwa nta ya moto imeyeyusha ile iliyokwisha kuganda. Kosa hilo ni somo zuri sana, mradi upo muda wa kulirekebisha.

Tunajua basi ndilo gharama kubwa, na kwamba shule yenye watoto 96 inaweza kushindwa kwenda mara mbili. Ikiwa ni lazima waende wote siku moja, msiongeze ukubwa wa makundi. Wagaweni mafungu mawili ya watoto 48. Asubuhi fungu moja linaanza na vyoo huku jingine likianza na makaribisho, kisha yanabadilishana. Bila hivyo, foleni ya msalani peke yake ni dakika 36. Halafu fungu la kwanza linakwenda kwenye vituo vya mafundi, kila kundi vituo viwili vya dakika 40 na matembezi ya dakika 10 kati yake, jumla dakika 90. Wakati huo fungu la pili liko na walimu wake kwenye nyumba ambazo hazina fundi, likifanya uchunguzi wa nyumba. Dakika 10 za kubadilishana, kisha 90 nyingine. Kila mtoto amepata mafundi wawili badala ya wanne, lakini amewapata kweli.

Uchunguzi huo wa nyumba usichukuliwe kama kazi ya kupotezea muda. Nyumba isiyo na mwelezaji inasema mengi kwa mtoto aliyetumwa kuiuliza. Moshi ulitokea wapi, na masizi yako juu ya ukuta gani? Mwanga wa kushonea ulipatikana upande gani wa chumba, na saa ngapi ulikwisha? Ni watu wangapi wangeweza kulala hapa wakinyoosha miguu? Kizingiti kimelika upande upi? Maji yalitoka wapi? Hili la maji lifanyiwe hesabu papo hapo: lita 10 zina uzito wa kilo 10, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Watoto wapime kwa hatua umbali wa kutoka kisimani hadi jikoni, wakubaliane nyumba ile ilihitaji lita ngapi kwa siku, kisha wapige hesabu ya safari na kilo. Hapo wataanza wenyewe kuuliza kazi hiyo ilikuwa ya nani.

Swali la ziara litangulie uteuzi wa vituo. Tunaona mara nyingi vituo vikichaguliwa kwa umaarufu: mhunzi kwa sababu ya cheche, zizi kwa sababu ya wanyama, kisha chochote kilichobaki. Mwalimu akianza na swali moja, kwa mfano watoto wa umri wao walifanya kazi gani kutwa nzima, au vitu vilivyovunjika vilitengenezwa vipi, vituo vinne vitajichagua. Swali la vitu vilivyovunjika litawapeleka kwa mhunzi, kwa seremala, kwa mshona viatu na kwa mwanamke anayetia viraka. Kila kituo kitaongezea la kabla yake, na mafundi, wakiambiwa swali hilo mapema, wataacha hotuba yao ya kila siku na kuonyesha kinachohusika. Wengi wao hufurahi kuulizwa jambo jipya.

Ndiyo maana mwalimu anayeongoza safari lazima aende kwanza mwenyewe. Ziara ya maandalizi isihesabiwe kuwa siku ya mapumziko wala isikatwe kwenye bajeti ili kuokoa nauli ya mtu mmoja. Aende siku ileile ya juma ambayo watoto watakwenda, kwa sababu mafundi wana zamu zao, na karakana inayowaka moto Jumamosi inaweza kuwa imefungwa Jumanne. Atembee akiwa na saa mkononi kutoka kituo hadi kituo, kisha azidishe muda wake mara moja na nusu au mbili, maana kundi la watoto hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Ahesabu vyoo. Aone maji ya kunywa yako wapi, kivuli kiko wapi, basi litageuzia wapi, gari la wagonjwa litaingilia wapi. Mvua ikinyesha, vituo vipi vina paa la kutosha watoto 12 pamoja na zana? Amuulize kila fundi maswali mawili tu: una seti ngapi za zana za kushikwa na watoto, na ni kitu gani huharibika watoto wakija? Majibu ya swali la pili yana thamani kuliko kijitabu chochote cha maelezo. Fundi atamwambia kwamba vidole vidogo huchezea nyuzi za mtande, zile zilizotandikwa tayari kwa kufumwa, na kuvuruga kazi ya wiki nzima, au kwamba kila kundi huegemea uzio uleule uliooza.

Kazi za shambani zina majira yake. Kupura, kunyoa kondoo manyoya, kukamua matunda, kuvuna kitani: hakuna linalofanywa mwaka mzima. Shule inayochagua tarehe kwanza na kuuliza baadaye kutakuwa na kazi gani itapata maelezo ya mdomo kuhusu kazi ambayo haipo. Ulizeni kwanza, na muandikiane. Kisha thibitisheni tena wiki mbili kabla, kituo kwa kituo, kwa sababu fundi huugua na tanuri hubomolewa kwa matengenezo.

Kwa mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, msiridhike na neno "tunafikika". Nyumba za kale zina vizingiti virefu, milango myembamba, ngazi za dari zilizosimama wima na njia za mawe yasiyo sawa. Pimeni upana wa mlango na upana wa kiti. Ikiwa nyumba moja haiingiliki, chagueni nyingine kwa kundi lote, badala ya kumwacha mwenzao nje akisubiri na mtu mzima. Vivyo hivyo kwa mtoto anayesumbuliwa na kelele au giza: nyundo juu ya fuawe ndani ya chumba kidogo ni kali sana, na anaweza kusimama mlangoni ikiwa amejulishwa mapema kwamba ana ruhusa hiyo.

Darasani, kabla ya safari, jambo moja lisipoelezwa huharibu mazungumzo yote: mwelezaji atasema akiwa nani. Kuna makumbusho ambako mwelezaji huigiza kuwa mtu wa zamani na hajui lolote lililotokea baada ya mwaka wake. Kuna mengine ambako huvaa nguo za zamani lakini huzungumza kama mtu wa leo. Mtoto asiyejua tofauti hiyo hutumia dakika zake zote kumwonyesha simu yule anayeigiza, ili amwone akishangaa, na wenzake hucheka mpaka muda ukaisha. Aliyeandaliwa humuuliza amekula nini leo, nani alimfundisha kazi, anaogopa nini. Na kwa anayezungumza kama mtu wa leo humuuliza swali gumu zaidi: umejuaje? Plimoth Patuxet huko Massachusetts ina namna zote mbili mahali pamoja. Katika kijiji cha Waingereza wa karne ya 17, waelezaji huigiza watu wa wakati huo. Katika makazi ya Wawampanoag, waelezaji ni watu wa jamii za wenyeji wa asili, wanazungumza kama watu wa leo, na hawaigizi mtu. Mwanafunzi anayewaendea kana kwamba ni wahusika wa mchezo, au aliyevalishwa manyoya ya ndege kichwani na shule yake, anawavunjia heshima watu walio hai mbele yake. Kosa hilo si la mtoto, ni la waliomtuma bila kumwambia.

Hapa tunataka kusema wazi juu ya maigizo ya mateso. Msiwape wanafunzi nafasi ya mtumwa na bwana, ya mfungwa na askari, ya mgonjwa wa tauni na wanaomkimbia. Oktoba 1994, makumbusho hai ya Colonial Williamsburg huko Virginia iliigiza hadharani mnada wa watumwa. Walioandaa walikuwa wafanyakazi wa idara yake ya historia ya Wamarekani weusi, watu wazima waliolitafiti jambo hilo na kuamua wenyewe kulionyesha, katika mji ambao karne ya 18 takriban nusu ya wakazi wake walikuwa weusi. Hata hivyo lilizua maandamano na mabishano makali. Ikiwa lilikuwa zito kiasi hicho kwa watu waliobobea, hakuna mwalimu anayeweza kulipima kwa watoto wa miaka kumi katika nusu saa ya mapumziko ya mchana. Utumwa ufundishwe, tena bila kufichwa: kwa majina yaliyoandikwa kwenye orodha za mali, kwa vyumba walimolala watu hao, kwa kazi ya mikono yao iliyobaki kwenye matofali. Pale ambapo makumbusho yanaonyesha nyumba kubwa na hayasemi nani aliyekuwa akiisafisha, mwalimu aulize kwa sauti, mbele ya watoto, kwa adabu.

Kuhusu makaratasi: acheni karatasi za maswali 20 zenye nafasi za kujaza. Mtoto mwenye karatasi hiyo hatazami kitu, anatafuta kibao chenye jibu, na akikipata anawasomea wenzake. Kadi moja yenye mambo matatu inatosha: swali la kundi, nafasi ya kuchora kitu kimoja, na mstari wa kuandika swali ambalo halikupata jibu. Penseli tu. Wino ukidondokea kitambaa cha miaka 150 hautoki. Kuchora kwa dakika tano kunamlazimisha mtoto aone jinsi mpini ulivyoingizwa kwenye nyundo, jambo ambalo picha ya simu haimlazimishi. Kama picha zinahitajika, wateuliwe wapiga picha wawili kwa kundi, na wamwombe fundi ruhusa.

Usalama una sheria zake kila mahali, na hizo mnazijua. Tunaongeza yale ambayo fomu huyasahau. Kwa mhunzi, chuma kinachong'aa rangi ya chungwa kina joto la nyuzi 900 hivi au zaidi, na kila mtoto anakiogopa bila kuambiwa. Kinachounguza watu ni chuma kilichokwisha kurudi weusi, maana mwangani mng'ao hupotea kikiwa bado na zaidi ya nyuzi 400. Kanuni ni moja, isiyo na mjadala: ndani ya karakana, hakuna chuma kinachoguswa mpaka fundi akikupe mkononi. Watoto wanaweza kuvuta mivukuto, na hiyo ni kazi ya kweli, kwa sababu wakilegea fundi ataona moto unafifia na kazi itasimama. Viatu viwe vya kufunika vidole. Nywele ndefu na mitandio vifungwe, si kwa ajili ya moto tu bali pia gurudumu la kusokotea. Nguo za nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi cheche ikizipata. Pamba na sufu haziyeyuki.

Zizini, ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaweza kubeba bakteria aina ya E. coli O157 bila kuonekana wagonjwa, na kwa mtoto mdogo ugonjwa wake unaweza kufikia kuharibu figo. Kunawa ni kwa sabuni na maji yanayotiririka, mara tu baada ya kutoka zizini na tena kabla ya kula. Jeli ya kutakasa mikono haichukui nafasi hiyo. Zizi lisiwe kituo cha mwisho kabla ya chakula isipokuwa mabomba yapo njiani. Moshi wa kuni, vumbi la nyasi kavu na manyoya huamsha pumu, kwa hiyo dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwa mtu mzima wa kundi hilohilo, si kwenye begi lililobaki ndani ya basi, na dereva ameshaenda kutafuta chai.

Mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita kwa wadogo, na mmoja kwa watoto kumi hadi 12 kwa wakubwa, ndicho kiwango tunachokiona kinafanya kazi, kama sheria ya kwenu haitaki zaidi. Lakini idadi bila maelekezo haisaidii. Mtu mzima asimame nyuma ya kundi, asikae mbele na kuziba. Asijibu maswali ambayo fundi amewauliza watoto. Awe na orodha ya majina ya kundi lake, na ahesabu kwa majina kila wanapotoka kituoni. Kuhesabu vichwa peke yake kunadanganya: shule mbili zenye sare za rangi moja zikikutana njiani, mnaweza kuwa 12 kamili huku mmoja wenu yumo katika kundi la wageni na mmoja wao yumo kwenu.

Duka la kumbukumbu liamuliwe shuleni, kabla ya safari. Watoto 48 wakipita kwenye duka dogo lenye mhudumu mmoja wanakula nusu saa au zaidi, na nusu hiyo hukatwa kwenye kituo cha mwisho. Sisi tungeliondoa kabisa.

Sasa kwenu, wakuu wa makumbusho. Walimu hawawezi kupanga vizuri kwa taarifa mnazowapa. Kijitabu cha rangi chenye picha za watoto wanaocheka hakisemi idadi ya vyoo. Tunaomba ukurasa mmoja kwa kila shule inayoweka nafasi: vituo vitakavyofanya kazi siku hiyo, seti za zana kwa kila kituo, idadi ya juu ya watoto iliyopangwa na fundi mwenyewe, mwelezaji anasema akiwa nani, upana wa milango, vyoo, mabomba ya kunawia, mahali pa kujikinga na mvua, na namba ya simu ya mtu atakayekuwepo siku hiyo. Ziara ya maandalizi ya mwalimu isitozwe kiingilio. Fundi akisema karakana yake inachukua watoto 12, ofisi ya tiketi isiandike 25. Na mkilazimika kufunga kituo, mjulisheni mwalimu kabla basi halijaondoka, ili achague mbadala unaolingana na swali lake badala ya kupewa kile kilichokuwa wazi.

Tunaomba pia muwaambie wageni ukweli kuhusu majengo yenu. Jengo lililobaki pale lilipojengwa, jengo lililobomolewa kwingine na kuhamishwa, na jengo lililojengwa upya ni vitu vitatu tofauti. Kasri la Gavana pale Williamsburg liliungua mwaka 1781. Linaloonekana leo lilijengwa katika miaka ya 1930 juu ya misingi ya zamani. Halipungukiwi thamani kwa kulisema hilo. Mtoto anayeambiwa hivyo huuliza wajenzi walijua vipi urefu wa ukuta ambao hakuna aliyeuona, na hapo ndipo somo la historia linapoanzia. Lejre walikwenda mbali zaidi: katika miaka ya 1960 walichoma kwa makusudi nyumba waliyoijenga kwa mfano wa Zama za Chuma, ili wajue mabaki ya nyumba iliyoungua huonekanaje ardhini. Waambieni watoto mambo kama hayo. Waambieni pia ni kipi katika chumba hiki mmekikisia.

Baada ya safari, walimu wakuu, acheni vipindi viwili ndani ya siku mbili, kabla mambo hayajafifia. Kipindi cha kwanza ni cha makundi kuwekana sawa: kila kundi lina jibu la sehemu yake ya swali, na majibu hayatafanana. Fundi mmoja alisema watoto walianza kazi wakiwa na miaka saba, mwingine akasema kumi. Msiwape jibu sahihi haraka. Watafute pamoja kila fundi alizungumzia kazi gani, nyumba ya nani, mwaka gani. Kipindi cha pili ni cha barua kwa makumbusho, na ndani yake maswali yale ya mstari wa tatu wa kadi, ambayo hayakupata jibu. Msiwatake waandike shukrani peke yake.

Tunaomba wakuu wa shule na maofisa elimu waifanyie kazi hesabu hii kabla ya kuweka nafasi za muhula ujao, na fomu ya kuombea ruhusa ya safari iongezwe mistari miwili: ukubwa wa kundi, na dakika za kushika kazi kwa kila mtoto. Ombi lenye chini ya dakika saba katika kituo chochote cha kazi za mikono lirudishwe kwa aliyelipanga, likiwa na pendekezo la kupunguza vituo. Na makumbusho yawe na mtu mmoja mwenye jukumu la kujibu barua za maswali kabla muhula haujafungwa, akishirikiana na mafundi walioulizwa.

Wenu katika kazi,
Walimu na waelezaji wa ziara za makumbusho hai